Mikondo ya Matoleo na Usasishaji wa Programu za Amri: Mfano wa Rust

1. Utangulizi

Programu ya kompyuta, tofauti na kitabu, haikamiliki siku inapotolewa. Kitabu kikishatoka mtamboni hubaki kilivyo hadi mwandishi na mchapishaji waafikiane kutoa toleo jingine, na msomaji aliye na toleo la kwanza halazimiki kulinunua la pili. Programu huendelea kurekebishwa ilhali imo mikononi mwa mtumiaji: leo huongezwa uwezo, kesho huzibwa ufa, keshokutwa huondolewa kasoro iliyoletwa na marekebisho ya jana. Kwa hiyo mtafiti anayeitegemea programu katika kazi yake hukabiliwa na swali ambalo msomaji wa vitabu hakulizoea. Je, apokee kila badiliko mara linapotokea, au angoje hadi lithibitishwe na wengine? Akipokea upesi, huenda kazi yake ikaharibika. Akichelewa, huenda akabaki na kasoro ambayo wenzake wamekwisha kuepushwa nayo.

Njia mojawapo ya kulijibu swali hilo ni kuitoa programu hiyo hiyo kwa mikondo kadhaa, kila mkondo ukiwa na kasi yake na masharti yake, kisha kumwachia mtumiaji achague. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mpango huo unavyofanya kazi kwa kutumia mfano mmoja, yaani kompaila ya lugha ya programu iitwayo Rust pamoja na msimamizi wake aitwaye rustup. Hoja kuu ni kwamba mkondo wa toleo ni ahadi baina ya watengenezaji na watumiaji, na kwamba mtumiaji asiyeelewa masharti ya ahadi hiyo huweza kudhurika hata pale ambapo hakudanganywa na mtu. Kwa kuwa ahadi hufungwa kwa maneno, sehemu ya mwisho itachunguza maneno ya Kiswahili yanayofaa kuitaja mikondo hiyo.

2. Zana na Msimamizi Wake

Programu zinazozungumziwa hapa ni zile zinazoendeshwa kwa amri zilizoandikwa. Mtumiaji huchapa neno au maneno katika mstari mmoja, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikatekeleza. Hakuna picha za kubofya wala dirisha la kumwongoza. Wasomi wa lugha wanaochambua matini nyingi kwa kompyuta wanazifahamu programu za namna hii, maana ndizo zitumiwazo aghalabu katika kuhesabu maneno, kupanga vidahizo na kutafuta mifano katika mikusanyo mikubwa ya matini.

Rust ilianza mwaka 2006 kama kazi ya binafsi ya Graydon Hoare, ikaanza kufadhiliwa na Mozilla mwaka 2009, na toleo lake la 1.0 likatolewa tarehe 15 Mei 2015. Tangu mwaka 2021 inasimamiwa chini ya wakfu wake yenyewe. Mtu anayeandika programu kwa lugha hiyo huhitaji kompaila, ambayo huugeuza msimbo alioandika uwe programu inayoweza kuendeshwa. Huhitaji pia chombo kiitwacho cargo, ambacho huleta maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine na kuziunganisha na kazi yake. Vyombo hivi viwili, pamoja na maktaba ya msingi ya lugha, huenda pamoja kama seti moja, na kila toleo la Rust ni seti kamili.

Kazi ya rustup ni kuzileta seti hizo, kuzihifadhi pasipo kuzichanganya, na kuamua ni ipi itumike wakati gani. Programu hii ilifikia toleo lake la 1.0 mnamo Desemba 2016, na tangu hapo ndiyo njia inayopendekezwa na watengenezaji wa Rust. Mtu anaweza kuwa na seti tatu au nne katika kompyuta moja. Anapochapa amri ya kuita kompaila, anayeitika kwanza ni rustup, ambaye hutazama ni seti gani iliyochaguliwa kisha akaikabidhi kazi. Mtumiaji haoni makabidhiano hayo, kama vile anayepiga simu asivyomwona mtu wa mitamboni.

3. Mikondo Mitatu na Safari ya Badiliko

Rust hutolewa katika mikondo mitatu, na majina yanayochapwa katika amri ni nightly, beta na stable. Mkondo wa kwanza hutengenezwa kila usiku kutokana na msimbo wote uliokubaliwa hadi siku hiyo. Kila baada ya majuma 6, hali ya msimbo huo hukatwa na kuwa beta. Majuma 6 mengine yakipita, beta hiyo hutolewa kuwa stable, na beta mpya hukatwa mahali pake. Kwa hiyo badiliko lililokubaliwa leo humfikia mtumiaji wa stable baada ya muda usiopungua majuma 6 na usiozidi 12, kutegemea liliingia siku gani katika mzunguko, isipokuwa likizuiliwa njiani.

Watengenezaji wa Rust huufananisha utaratibu huu na garimoshi linaloondoka kwa ratiba. Haukubuniwa nao. Kivinjari cha Chrome kilianza kutumia mzunguko wa majuma 6 mwaka 2010, nacho Firefox kikafuata mwaka 2011. Maana yake ni kwamba garimoshi halimngojei abiria. Jambo lisilokuwa tayari siku ya kukatwa kwa beta halilichelewesha toleo zima, bali husubiri garimoshi lijalo, ambalo litaondoka baada ya majuma 6. Zamani, toleo lilipokuja mara moja kwa mwaka au miaka miwili, kila mtengenezaji alishawishika kuiharakisha kazi yake isije ikaachwa nyuma, na mengi yalipenyezwa yakiwa mabichi. Ratiba fupi imekiondoa kishawishi hicho kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo, tofauti baina ya mikondo si ya wakati peke yake. Mambo ambayo bado yanajaribiwa huwekewa lango. Anayetaka kuyatumia sharti aandike wazi, mwanzoni mwa msimbo wake, jina la jambo analolihitaji, na ruhusa hiyo hutolewa na nightly tu. Kompaila ya beta na ile ya stable huikataa kwa kutoa ujumbe wa kosa. Hapa ndipo ahadi ilipo. Kitu kilichokwisha kuingia katika stable, watengenezaji wameahidi kwamba msimbo unaokitumia utaendelea kukubaliwa na matoleo yatakayofuata. Kitu kilichoko nyuma ya lango hakina ahadi yoyote: chaweza kubadilishwa kesho au kuondolewa kabisa. Lango humzuia mtumiaji asijenge nyumba juu ya mchanga pasipo kujua kuwa ni mchanga.

4. Mfano: Herufi za Gĩkũyũ na Kikamba

Faida na gharama ya utaratibu huu huonekana vyema katika jambo linalowagusa wasomi wa lugha za Kiafrika moja kwa moja. Katika kila programu kuna majina ambayo mwandishi hujitungia mwenyewe ili kuvitaja vitu anavyovishughulikia. Toleo la 1.0 la Rust lilipotolewa mwaka 2015, majina hayo yaliweza kuandikwa, katika stable, kwa herufi 26 za Kiingereza, tarakimu na mstari wa chini tu. Data yenyewe haikuwa na kizuizi hicho. Matini ya lugha yoyote iliweza kuhifadhiwa na kuchambuliwa tangu mwanzo. Kizuizi kilihusu majina.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, kizuizi hiki hakikuwa na uzito, kwa sababu tahajia ya Kiswahili katika hati za Kirumi haina herufi yenye alama ya ziada. Kwa mwandishi wa Gĩkũyũ au Kikamba mambo yalikuwa mengine. Maneno kama mũndũ na mũtĩ hayaandikiki ipasavyo pasipo ĩ na ũ, na kuziacha alama hizo ni kubadili irabu. Mtafiti aliyetaka kuviita vitu katika programu yake kwa majina ya lugha anayoichunguza alikuwa na njia mbili: aandike kwa tahajia yenye kasoro katika mkondo wa stable, au ahamie nightly na kufungua lango lililohusika, akijua kwamba hana ahadi.

Lango hilo lilibaki limefungwa kwa miaka sita. Kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Herufi ĩ huweza kuandikwa katika kompyuta kwa namna mbili: ama kama alama moja, ambayo katika orodha ya Unicode ni U+0129, au kama herufi i ikifuatwa na kiwimbi kinachokaa juu yake. Jicho haliwezi kuzitofautisha, lakini kwa kompyuta hizo ni mfuatano tofauti. Kama lango lingefunguliwa pasipo kulitatua jambo hilo, jina moja lililochapwa katika kompyuta mbili lingehesabiwa kuwa majina mawili. Aidha kuna herufi za hati tofauti zinazofanana kwa sura, kama a ya Kirumi na ile ya Kisirili, ambazo mtu mwenye nia mbaya angeweza kuzitumia kumhadaa msomaji wa msimbo. Pendekezo namba 2457, lililowasilishwa mwaka 2018, liliyashughulikia yote mawili: majina hurejeshwa kwenye umbo moja la kawaida kabla ya kulinganishwa, na kompaila hutoa onyo inapokuta majina yanayoweza kuchanganywa.

Tarehe 17 Juni 2021, katika toleo la 1.53.0, uwezo huo uliingia katika stable. Tangu siku hiyo mũtĩ ni jina halali, liwe limechapwa kwa namna ya kwanza au ya pili, na uhalali wake umo ndani ya ahadi. Miaka sita ni mingi kwa anayengoja. Lakini lau uamuzi wa umbo la kawaida ungefanywa baada ya majina kuruhusiwa, ama misimbo iliyokwisha kuandikwa ingevunjwa, ama kosa lingedumishwa daima kwa kuogopa kuvunja ahadi. Palipo na ahadi ya kutorudi nyuma, hatua ya kwenda mbele hapana budi iwe ya tahadhari.

5. Mipaka ya Ahadi

Si sahihi kudhani kwamba mkondo wa stable hauna kasoro. Matukio matatu yanadhihirisha jambo hili, na kila moja linafunza funzo lake.

La kwanza ni la Mei 2021. Toleo la 1.52.0, lililotoka tarehe 6, lilikuwa na ukaguzi mpya wa ndani, na ukaguzi huo ukafichua makosa yaliyokuwamo tangu zamani katika namna kompaila inavyohifadhi sehemu za kazi ili isizirudie. Siku 4 baadaye lilitolewa toleo la 1.52.1, ambalo liliuzima uwezo huo kwa wote ambao hawakuuomba mahususi. Uliwashwa tena katika toleo la 1.54, tarehe 29 Julai. Mtumiaji aliyekuwa na 1.52.1 alipata kompaila iliyo salama zaidi lakini nzito zaidi. Ahadi ya stable ni kwamba msimbo utakubaliwa. Haisemi kwamba kompaila haitakuwa na makosa.

La pili ni la usalama. Tarehe 20 Januari 2022 lilitolewa toleo la 1.58.1 ili kuziba ufa uliokuwamo katika maktaba ya msingi tangu toleo la 1.0. Programu yenye mamlaka makubwa ilipofuta saraka, mtu mwingine aliweza kuihadaa ifute vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuvigusa. Watengenezaji wa Rust hulitunza toleo la karibuni la stable tu. Matoleo ya nyuma hayapelekewi viraka. Basi aliyejifungia katika toleo la zamani kwa kuogopa mabadiliko alibaki na ufa huo. Kutobadilika nako ni uamuzi wenye gharama.

La tatu ni la toleo la 1.80.0, lililotoka tarehe 25 Julai 2024. Humo uliongezwa uwezo mdogo wa kukusanya herufi katika aina fulani ya hifadhi. Nyongeza hiyo haikuondoa kitu chochote, lakini matoleo ya zamani ya maktaba iitwayo time, itumiwayo na programu nyingi, yakakataliwa na kompaila. Sababu yake ni ya kimaana, na mwanaisimu ataitambua mara moja. Msimbo wa maktaba hiyo uliiachia kompaila ikisie aina iliyokusudiwa, na hapo awali palikuwa na jibu moja tu. Nyongeza ilileta jibu la pili, na kompaila ikashindwa kuamua. Ndivyo ilivyokuwa kwa neno kipanya. Zamani, aliyeambiwa aondoe kipanya mezani hakuwa na la kuuliza; tangu neno hilo lipewe maana ya kifaa cha kompyuta, agizo lile lile lina utata, ingawa hakuna neno lililobadilishwa ndani yake. Kanuni za Rust huruhusu mabadiliko madogo ya namna hii ya ukisiaji. Kwa hiyo ahadi haikuvunjwa kwa herufi zake. Lakini waliokuta kazi zao zimekwama hawakuona tofauti, na tukio hilo lilizua malalamiko mengi.

6. Kuchagua Mkondo na Kusasisha

Kutokana na hayo, usasishaji huhitaji maamuzi mawili yaliyo tofauti, nayo rustup huyatenganisha. Uamuzi wa kwanza ni mkondo gani ufuatwe. Uamuzi wa pili ni lini na wapi mkondo huo usogezwe mbele.

Jina la mkondo ni jina linalohama. Anayesema stable mwaka huu na anayesema stable mwaka ujao hawataji kitu kimoja, kama vile maneno "toleo jipya la kamusi" yasivyotaja kitabu kile kile kila mwaka. Namba ya toleo, kwa upande wake, haihami. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la 1981, la 2004 na la 2013, na msomi anayenukuu fasili husema ametumia lipi. Kadhalika mtu anaweza kumwamuru rustup alete 1.53.0, na hiyo haitabadilika daima. Hata mkondo wa kila usiku unaweza kufungwa mahali pamoja kwa kuandika jina lake likifuatwa na mwaka, mwezi na siku.

Amri ya rustup update huisogeza mbele mikondo yote iliyomo katika kompyuta, na kwa kawaida humsasisha pia rustup mwenyewe. Matoleo yaliyotajwa kwa namba hayaguswi. Amri ya rustup check huonyesha kilicho kipya pasipo kukisakinisha, nayo humfaa mtu mwenye kazi asiyotaka kuikatiza. Faili zinazopakuliwa hulinganishwa na alama za uthibitisho zilizotangazwa na watengenezaji, na usakinishaji ukishindwa katikati, hali ya awali hurejeshwa.

Uteuzi wa seti nao una ngazi zake. Kuna seti ya kawaida kwa kompyuta nzima. Juu yake, saraka moja inaweza kupewa seti yake, ama kwa amri, ama kwa faili dogo liitwalo rust-toolchain.toml linalokaa pamoja na msimbo. Juu ya zote, mtu anaweza kuitaja seti katika amri moja tu kwa kuitanguliza alama ya kujumlisha. Faili lile dogo ndilo lenye thamani kubwa kwa mtafiti. Mwenzake anayeipokea kazi hiyo katika chuo kingine hupata toleo lile lile bila kuuliza, na matokeo yanaweza kurudiwa.

Mwenendo unaofaa, basi, ni huu. Kazi ya kila siku ifanywe kwa stable, nayo isasishwe mara kwa mara ili viraka vya usalama visikosekane. Kazi iliyochapishwa iambatane na namba ya toleo. Beta itumiwe kuijaribu kazi mapema, maana kasoro ikiripotiwa katika majuma yale 6 huweza kurekebishwa kabla ya kumfikia kila mtu. Nightly itumiwe na mwenye haja mahususi, katika saraka ya kazi hiyo peke yake.

7. Suala la Istilahi

Imebaki kuuliza mikondo hii iitweje kwa Kiswahili. Neno mkondo lenyewe linafaa. Mfereji huchimbwa na maji yake huweza kutuama, nayo idhaa imeshika maana ya utangazaji. Mkondo ni maji yanayokwenda, na dhana kuu hapa ni mwendo wa badiliko kutoka juu kwenda chini.

Kwa stable, maneno matatu yanashindana: sanifu, imara na thabiti. Sanifu haifai, kwa sababu humaanisha kilichowekwa kuwa kipimo cha vingine, ilhali mikondo yote mitatu ni ya lugha moja yenye kipimo kimoja. Imara hutaja nguvu ya kitu kutovunjika, na mtumiaji aliyeambiwa kuwa toleo ni imara atatarajia lisiwe na makosa. Matukio ya mwaka 2021 na 2022 yanaonyesha kwamba hilo silo lililoahidiwa. Thabiti hutaja kutogeuka, kama tunavyomsifu mtu kuwa ni thabiti katika neno lake. Hilo ndilo lililoahidiwa. Mkondo thabiti, kwa hiyo, ni istilahi inayosema kweli.

Beta ni jina la herufi ya Kiyunani na halimwambii msomaji lolote. Aghalabu huitwa toleo la majaribio, lakini jina hilo lingewafaa zaidi wale walio nyuma ya lango. Kitu kilicho katika beta kimekwisha kukubaliwa. Kinaangaliwa tu kwa muda uliowekwa, kama mwajiriwa mpya aliye katika kipindi cha matazamio. Mkondo wa matazamio ungeueleza wajibu wake barabara. Kwa nightly, mkondo wa kila usiku unatosha, maana unataja ukweli pasipo kuusifu wala kuukashifu.

8. Hitimisho

Mikondo ya matoleo huwawezesha watengenezaji kubadilisha chombo kila siku bila ya kumyumbisha anayekitegemea. Lakini kinga hiyo hufanya kazi kwa sharti kwamba mtumiaji anajua alichoahidiwa. Aliyeambiwa "imara" pale alipoahidiwa "thabiti" atalaumu pasipo haki, au atategemea pasipo msingi. Kazi ya kuyachagua maneno hayo ni ya wanaisimu kuliko ya wahandisi, nayo haina budi kufanywa kabla majina ya kubahatisha hayajazoeleka, kwani jina likishaingia vinywani mwa watu halina lango la kulirudisha.